Mke Wangu Alivyokuwa Mwepesi

Niliingia jimu nikiwa na miaka hamsini na kitu, na mgongo unaouma, kwa sababu shemeji yangu alitaka kumchukua mke wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mzee kama mimi alikuwa akinyanyua vyuma mtaani Rhonda, wanacheka na kudhani nilikuwa natafuta kifua cha ujana. Kifua sikukitaka. Nilitaka nguvu za kumtoa mtu kitandani asubuhi nimweke kwenye kiti, na kumrudisha jioni, bila kumwangusha.

Mke wangu alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala wote, mkono na mguu, na maneno yalimrudia polepole, moja moja. Watoto wetu wako mbali, kila mmoja na kazi yake na nyumba ya kupanga, na hupiga simu Jumapili. Mchana jirani yetu, mama anayeuza mboga mbele ya ploti tunamoishi, alikuwa akiingia na kutoka kumwangalia. Asubuhi na jioni zilikuwa zangu. Mimi nafanya kazi upande wa Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe, naandika magunia yanayopakiwa kwenye malori, na kabla ya kuandika nilikuwa mmoja wa wanaoyabeba. Kwa hiyo nilijiona mtu anayejua kubeba. Lakini gunia halina aibu, halina maumivu, na halikuangalii usoni ukilishika vibaya.

Asubuhi moja mgongo ulinikamata nikiwa nimemwinua nusu. Sikumwangusha hasa; tuliteremka pamoja, taratibu, mpaka tukajikuta sakafuni tumeegemea kitanda, mimi na nguo za kazi, yeye na gauni la kulalia. Yeye hakuweza kuinuka na mimi sikuweza kuinuka. Alianza kucheka yeye, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, nami nikacheka ingawa kila nikicheka mgongo uliuma zaidi. Tulikaa hivyo mpaka jirani akaja na sufuria yake ya uji.

Jirani yetu ana moyo mzuri na mdomo usiofungwa. Kabla mgongo wangu haujanyooka, habari ilikuwa imefika Dundori.

Kwao mke wangu ni Dundori, watu wa viazi na ng'ombe wa maziwa, kwenye ardhi ambayo babu yao alinunua hisa shamba la mzungu lilipogawanywa. Ni watu wa kanisa na watu wa kazi, na hawakufurahia kusikia kwamba dada yao ameketi sakafuni Rhonda na mume aliyelelewa kota za reli. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, hatukuwahi kuwa na shamba, na jambo hilo wakwe zangu walilisamehe miaka mingi iliyopita lakini hawakulisahau. Kaka yake mkubwa alikuja Jumamosi iliyofuata na mtungi wa maziwa, kama kawaida yao. Hakuna siku mtu wa kwao amewahi kuingia kwangu mikono mitupu. Tulizungumza juu ya mvua, kisha ugonjwa wa viazi, kisha vile dairy inayonunua maziwa yao inavyochelewa kulipa. Nilijua hajafika kwenye neno. Kwao neno lenyewe huja na kikombe cha pili cha chai.

"Shemeji," akasema nilipommiminia cha pili, "hatujakuja kulaumu. Lakini wewe ni mmoja. Kule tuko wengi. Tukimaliza kuchimba viazi, ile pickup ikishashusha sokoni, itapitia hapa imbebe. Akipona atarudi."

Mke wangu alimsubiri kaka yake aondoke. Kisha akanitazama, akakusanya maneno yake.

"Nikienda," akasema, "sirudi."

Nilimwelewa. Angekaa jikoni kwa mke wa kaka yake, karibu na moto, amefunikwa blanketi, wageni wakiingia wanamsalimia kama wanavyosalimia nyanya wa mtu. Baada ya mwaka hakuna ambaye angekumbuka kwamba ana nyumba. Yeye ni mwanamke aliyeshona sare za shule nusu ya mtaa huu na kugombana na kila mteja aliyetaka kupunguziwa.

Nataka pia kusema jinsi nilivyokuwa nimechoka, maana wanaouguza hawasemi. Kuna jioni nilizosimama mlangoni kwangu na ufunguo mkononi, sitaki kuingia. Nilikuwa naingia, namsalimia, namsafisha, nampikia, namlisha, namwinua, namlaza, kisha nakaa kwenye kiti chake nikitazama ukuta. Nilijua wakimchukua nitalala usingizi mzima. Na bado sikutaka wamchukue. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja bila kugombana.

Basi nikaingia jimu. Neno hilo lisikuhangaishe akili, ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya mafundi wa kuchomelea, na vyuma vingi vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa paipu. Kocha alikuwa kijana mpana, mwenye adabu, aliyeniita mzee hata alipokuwa akinikemea. Nilimweleza ninachotaka. Alisikiliza, akaniweka kwenye kuchuchumaa na kuinuka nikiwa na kopo kifuani, na akanifundisha kuinua kwa mapaja na si kwa mgongo. Hapo sina neno naye. Ile kazi aliijua.

Tatizo lilikuja aliponiuliza natumia nini.

"Kutumia vipi?"

"Protini, mzee. Bila protini unajichosha tu. Hapa ni kubomoa. Ukishabomoa lazima ujenge, na huwezi jenga na sukuma wiki."

Alinionyesha kopo kubwa jeusi lenye picha ya mtu asiye na shingo. Ndani kulikuwa na unga mweupe unaonukia vanila, na kijiko cha plastiki. Maisha yangu yote nimelipwa kutoa unga mweupe ardhini na kuukohoa kifuani jioni, na sasa nilikuwa nalipa ili nimeze mwingine. Bei yake siitaji, mke wangu bado anaishi na anaweza kuulizia. Vijana wote pale walikuwa wakiutumia, au walisema wanautumia, hata yule fundi wa pikipiki aliyekuja mara mbili kwa wiki kupunguza tumbo. Walizungumza juu yake kama wazee wa kanisa wanavyozungumza juu ya fungu la kumi.

Kocha akasema kijiko kimoja ni sawa na mlo mzima. Sentensi hiyo niliipenda kuliko zote. Mtu anayerudi nyumbani amechoka, ambaye bado ana mgonjwa wa kulisha, akiambiwa kuna mlo usiopikwa, ataukumbatia. Nikaacha kubeba chakula kazini. Nilitikisa unga wangu na maji kwenye chupa, wenzangu wakicheka, wakisema naiba mali ya machimbo. Jioni nilimpikia mke wangu mayai, omena au ndengu, nikamlisha mpaka akashiba, kisha mimi nikatikisa chupa. Alikuwa akinitazama nikinywa. Kocha alikuwa amesema pia maziwa ya kawaida yana mafuta mengi kwa mtu wa rika langu, kwa hiyo mtungi wa Dundori ulipokuja, nilimtolea mke wangu ya chai, mengine yote nikampa jirani. Jirani alinenepa msimu huo.

Na ule unga ulifanya kazi. Hilo ndilo lililonimaliza. Baada ya wiki kadhaa, asubuhi moja nilipiga goti, nikampitishia mikono chini ya makwapa kama nilivyofundishwa, nikasema "haya", na akaja. Alikuja juu tu, bila ule mvuto wa chini, nikamgeuza nikamweka kwenye kiti kabla sijavuta pumzi. Nilisimama nikajitazama mikono.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona," akasema.

Nilienda kazini siku hiyo nikiwa na furaha, na ni furaha ambayo nilikuwa nimesahau inavyokaa mwilini. Wiki iliyofuata akawa mwepesi zaidi. Nikanunua kopo la pili. Nilimsimulia mke wangu habari za protini kila jioni, jinsi misuli inavyobomoka na kujengeka, nikampa mkono ashike juu ya kiwiko. Alishika kwa mkono wake mzima, akabonyeza, akatikisa kichwa kwa heshima. Ajabu ni kwamba nje ya ile kazi ya kumwinua nilikuwa nikizidi kuishiwa. Nikipanda ngazi za ofisi magoti yalitetemeka. Niliandika gunia moja mara mbili. Suruali ilianza kunishuka. Kocha alisema hayo ni mafuta yanatoka.

Halafu tukapata siku ya kliniki. Anayemshughulikia mke wangu ni dada wa fizio, wa tiba ya viungo, pale hospitali, mtu wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Alipomaliza kumnyoosha mke wangu vidole akanigeukia mimi.

"Na wewe baba, mbona unaisha hivyo? Unakula?"

"Mimi niko kwa protini," nikasema, na nilisema kwa kiburi kidogo. Nilikuwa na chupa kwenye mfuko, na pakiti ya unga. Nikampa.

"Hii sawa. Jana ulikula nini?"

Nilimwambia: chai ya rangi asubuhi, unga saa sita, unga jioni.

"Nauliza chakula."

"Si hiyo ndiyo chakula?"

Aliweka chupa mezani. Hakunicheka, na nafikiri angenicheka ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia. Alinieleza kwa upole, jinsi unavyomweleza mtu aliyevaa shati ndani nje. Unga huu si sumu, akasema, na si dawa. Kuna mtu anayeweza kuuhitaji, mgonjwa asiyeweza kula vizuri, au mtu wa mashindano, na huyo pia aangaliwe na mtaalamu. Mimi nainua makopo ya simiti jioni kidogo. Mwili wangu unataka kujengwa, hiyo ni kweli, na katika umri wangu unataka zaidi kuliko wa kijana, lakini maharagwe yanajenga, ndengu zinajenga, omena, yai, maziwa. "Mtu wa mazoezi ya kawaida akila sahani yake vizuri, hana haja na hii. Na akikosa sahani, hii haitamsaidia. Wewe umeacha kula, baba. Utainua mtu na nini?"

Kisha akauliza unga umetengenezwa na nini. Sikujua. Nikamwambia kopo lina picha ya mtu asiye na shingo.

"Wa hivi mara nyingi hutolewa kwa maziwa," akasema. "Nyinyi hamna maziwa?"

Mke wangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Maziwa ya ng'ombe wa kwao, waliokamuliwa kwa mikono ninayoijua, yalikuwa yakiingia nyumbani kwangu kwa mtungi na kutoka kwa mlango wa jirani, na mimi nilikuwa dukani nanunua maziwa yaliyokaushwa ng'ambo na kutiwa harufu ya keki.

Niliona aibu, lakini nilikuwa bado na neno moja, na nililitoa.

"Lakini imenisaidia, dada. Huyu amekuwa mwepesi. Nilikuwa siwezi kumwinua, sasa naweza."

Akaacha kuandika kwenye kadi ya mgonjwa. Akamtazama mke wangu, akamshika mkono wa juu, akapima paja kwa viganja, akavuta kiuno cha sketi kuona kama kimelegea. Sikuwa nimewahi kufikiria upande huo. Nilikuwa nimejipongeza wiki baada ya wiki kwamba mke wangu anapungua uzito mikononi mwangu.

"Hajakonda," akasema yule dada.

Akamtazama tena mke wangu, safari hii usoni. Mke wangu akageuka akatazama dirisha.

Nilirudi nyumbani na maswali yangu. Yeye hajapungua na mimi ndiye ninayepungua, basi ni nini kilichobadilika? Nilimuuliza. Alisema amechoka, anataka kulala. Kopo nililipandisha juu ya kabati. Nilianza kula githeri, mahindi na maharagwe, kutoka kwa jirani, aliyenipa bila kuuliza kitu, nafikiri kwa sababu ya maziwa. Nilianza kujipikia yai ninapompikia yeye. Magoti yaliacha kutetemeka, ingawa uchovu haukwisha, kwa sababu uchovu wangu mwingi haukuwa wa chakula. Kocha alinisikitikia. Akasema nimekata tamaa karibu na kufika.

Viazi vilimalizika kuchimbwa. Niliambiwa kwa simu, kwa heshima, kwamba pickup itakuja Jumamosi.

Juma hilo tulikuwa na wapakiaji wachache kazini, na mpumbavu mimi nikashika magunia kusaidia. Ijumaa mgongo ulikuwa umerudi palepale ulipokuwa mwanzoni. Jumamosi asubuhi nilimwinua mke wangu kwa meno yaliyokazwa, akaja juu mwepesi kama kawaida, nikashukuru, sikuuliza. Alitaka avae gauni lake la kanisa na viatu vya kufunga kamba. Nilifikiri anajiandaa kwa safari. Nilimfunga kamba nikiwa nimepiga goti, na nililia pale chini ambapo hakuniona, au nilidhani hakuniona.

Kaka yake alikuja na mdogo wake. Udongo wa viazi ulikuwa bado kwenye viatu vyao. Mtungi wa maziwa safari hii waliuacha kwenye pickup, na nilipoona hivyo nikajua wamekuja kubeba na si kuleta. Tulikunywa chai. Mvua, ugonjwa wa viazi, dairy. Kikombe cha pili kikaja.

"Shemeji, siku ndiyo hii."

"Mimi namwinua," nikasema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Sijamwangusha tena."

"Hatukatai. Lakini jirani anasema umekonda, unatembea ukishika ukuta. Ukianguka wewe, ni nani atawaokota?"

"Namwinua," nikasema tena. Sikuwa na hoja nyingine.

Wakatazamana. Kisha yule mkubwa akasema neno ambalo simlaumu kwalo, maana mtu wa ng'ombe hununua baada ya kuona akitembea. "Basi tuonyeshe."

Nilisimama mbele ya wakwe zangu. Niliweka miguu yangu kama nilivyofundishwa, nikapiga goti kidogo, nikampitishia mke wangu mikono. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Nikasema "haya", nikavuta, na mgongo ukanikamata.

Ulinikamata vibaya kuliko siku ya kwanza. Sikuweza kwenda juu wala chini. Mikono ilikufa ganzi, nikamwachilia. Nilijua nimemwachilia, nilihisi gauni likiniponyoka vidoleni, na nikafumba macho nisione.

Sikusikia kishindo.

Nilipofumbua macho, mke wangu alikuwa amesimama. Mguu wa kushoto ulikuwa umekazwa sakafuni, wa kulia umeegemezwa tu pembeni, unatetemeka, na mkono wake mzima ulikuwa umenikamata mkanda wa suruali kwa nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nimeinama kifuani pake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshikwa.

Mdogo wake alikuwa ameinuka kutoka kochi, akabaki hivyo. Mke wangu alinisukuma kwa nyonga, kidogo kidogo, mpaka nikafika kwenye kiti chake, akanikalisha. Kisha akashika meza, akabaki amesimama. Tangu augue, nilikuwa sijamtazama kutoka chini.

"Kila siku," akasema, polepole, akiwaambia wao lakini akinitazama mimi. "Na mama mboga. Tunashika grili ya dirisha, nasimama. Mchana."

"Na asubuhi?" nikamuuliza. "Nikikuinua?"

"Nasukuma."

"Mbona hukuniambia?"

Maneno yalimchukua muda, au labda hayakuwa maneno yaliyomchukua muda.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Na unga wako. Ulikuwa hujafurahi siku nyingi."

Nililia basi, mbele ya wakwe, kitu ambacho mtu wa umri wangu hapaswi kufanya. Kaka yake mkubwa alitoka nje. Nilidhani anaenda kuwasha pickup. Alirudi na mtungi wa maziwa, akauweka mezani karibu na mkono wa dada yake, akaketi, akaomba kikombe cha tatu. Hakuna tena aliyetaja safari. Yule mdogo ndiye aliyemimina chai, vibaya, ikamwagika kwenye kitambaa.

Bado nimechoka. Mguu wa kulia haujarudi vile ulivyokuwa na huenda usirudi, na kuna jioni ufunguo bado ni mzito mkononi. Jimu naenda siku mojamoja. Kopo la pili liko juu ya kabati, halijafika nusu, na simwagi kwa sababu nililinunua.

Jioni ile, wakwe walipoondoka, mgongo wangu haukuniruhusu kuinuka. Mke wangu alizunguka meza akiishika kwa ukingo, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, akamimina maziwa kwenye kikombe kwa mkono wa kushoto. Nusu yalienda mezani. Akanisukumia kikombe.

"Kunywa," akasema. "Kesho nitahitaji unishike."

Nikanywa.